Mwenye Wimbo wa Unga

Kwa sura, Germaine hakuwa na la kujivunia, na tusidanganyane. Alikuwa mfupi, mabega mapana, na jino la mbele lilishamtoka zamani. Lakini alipoanzisha wimbo pale kwenye bomba la maji la kambi, lile waliloliita robine, wanawake waliokuwa wakigombania foleni waliacha ugomvi wakamwitikia. Hata wanaume waliotoka zamu kiwandani, macho mekundu kwa moshi wa tanuri, walipunguza mwendo. Kwa sababu ya sauti hiyo wakubwa wa chama walimtia kwenye animasio, lile kundi la akina mama waliovaa vikwembe vyenye picha ya Rais na kumwimbia sifa kila mgeni akifika. Wakamfanya mwimbishaji. Hakuulizwa kama anataka. Nani aliulizwa kitu Lubumbashi miaka ile?

Kwenye karatasi aliitwa Mwaba. Serikali ilikuwa imefuta majina yote ya ubatizo, na ukimwita mtu Germaine mbele ya watu wa chama ulikuwa unajitafutia balaa. Basi barabarani alikuwa Mama Mwaba. Ndani, mlango ukishafungwa, alikuwa Germaine. Mdogo wake aliyekaa naye, Léonard, alikuwa Mwape huko kiwandani na Léonard akila bukari, yaani ugali, nyumbani. Watu walizoea. Mtu huzoea hata kiatu kinachombana, mradi atembee.

Wazazi wao walikuwa watu wa Kilwa, si ile ya pwani, bali ile ya ziwani. Baba alikuja mjini kwa kazi ya reli, akafa, mama akamfuata. Germaine ndiye aliyemlea Léonard, akamlisha kwa kazi ya kupiga pasi kwenye misheni, kwa padri mzee aliyeitwa Mupe Gérard. Na hapo ndipo balaa lote lilipoanzia, ingawa hakuna aliyejua, maana lilianza kwa maneno matamu.

Mupe Gérard alikuwa ameishi China ujana wake wote, mpaka serikali mpya ya kule ilipomfukuza na sanduku moja. Wakubwa wake wakamleta Katanga. Mwili ulifika, roho ikabaki. Alikunywa chai bila sukari, jambo lililomchefua Germaine kila siku ya Mungu, na wakati yeye anapiga pasi vitambaa vya altare, mzee alikuwa anakaa kwenye kiti cha kamba na kuhadithia. Hakuhadithia juu ya vita wala majoka. Alihadithia juu ya wazee wa kale wa China, watu waliokufa kabla Yesu hajazaliwa, na jinsi walivyojiumiza vichwa kwa swali moja: serikali nzuri ni ipi?

"Bo balisema, mufalme muzuri si mwenye basoda bengi ba bunduki," Mupe alieleza kwa Kiswahili chake kilichokwama kooni. "Ni ule ambaye bantu ba mbali bakisikia habari yake, banafunga mizigo banakuja kukaa kwake."

"Ku Zambia hawajafunga mizigo kuja kwetu, Mupe," Germaine akamjibu, na mzee akacheka mpaka kifua kikamkaba.

Alimwambia kwamba kwa wazee wale kiti cha mfalme kilikuwa cha kuazima. Mbingu ndiyo iliyomkalisha, na raia wakianza kulala njaa, mbingu inaanza kukivuta kiti chake polepole. Sasa mfalme amefungiwa ndani ya kuta nne, mawaziri wote wanamwambia mambo ni sawa. Atajuaje kama watu wanakula? Basi alikuwa na watumishi wenye kazi moja tu. Baridi ikiisha walitoka na kengele yenye ulimi wa mti, wakapita vijijini kusikiliza watu wanaimba nini: shambani, kisimani, kwenye kufuma nguo. Nyimbo zile zilibebwa mpaka kwa mfalme. Zikiwa tulivu, alijua kazi yake inakwenda. Zikiwa na hasira, alijua kuna mkubwa anakula haki za watu. Na zikiwa za huzuni tupu, za watu waliokata tamaa, alijua nchi yake iko kwenye kufa.

Germaine alisimamisha pasi hewani. "Na muimbaji, Mupe? Bo balimufanya nini?"

"Hakuna kitu. Anarudi kulima."

Jambo hilo lilimwingia Germaine moyoni likatulia. Mwanamke aliyekuwa akiimba tangu utotoni, leo anaambiwa kwamba kuna mahali duniani wimbo wa mama wa kisimani ulikuwa barua kwa mfalme! Jioni alimwambia Léonard, naye Léonard aliuliza maswali mpaka mboga zikapoa. Baadaye akataka ahadithiwe tena, na tena. Alikuwa kijana wa namna hiyo, mwenye kuamini jambo zuri haraka kuliko inavyofaa.

Sasa sikia habari ya unga. Kampuni ya shaba, yenye kiwanda na kambi, ilikuwa ikiwagawia wafanyakazi posho ya unga wa mahindi, na kambi nzima iliishi kwa posho ile. Mwaka ule bei ya shaba ilianguka huko Ulaya, na reli ya kwenda baharini ilikatwa na vita vya Angola. Unga ukaanza kuchelewa. Kisha ukaja na fukusi. Kisha ukaja nusu. Wanawake walisimama mbele ya kantini tangu asubuhi, watoto migongoni, na mgawaji alikuwa akichota kwa kikombe badala ya kopo, bila kumtazama mtu usoni. Na juani hapohapo walichezeshwa animasio, waimbe kwamba nchi imeshiba.

Léonard alikuwa analisha tanuri ya kuyeyushia shaba. Siku moja alirudi kutoka kazini na wimbo umekamilika kichwani. Aliuimba akiwa anaosha miguu:

*Shaba inatoka na gari-moshi,*
*unga unaingia na kikombe.*
*Moto ninaulisha kila siku,*
*na mie, nani atanilisha?*

Mungu wangu, ulikuwa wimbo! Ulikuwa na mwendo wa kusukuma, ukauimba ndoo ikawa nyepesi. Germaine aliupeleka robine bila kufikiri, na kabla mwezi haujaisha uliimbwa kambi nzima, ukavuka barabara mpaka mtaa wa Katuba. Uliimbwa kwa sauti ya chini, lakini uliimbwa.

Albertine, jirani aliyeshirikiana naye ukuta, ndiye aliyemrudisha akilini. Mume wa Albertine, Faustin, fundi wa umeme, alikuwa ametania kilabuni kwamba kikwembe cha mkewe kimechanika kwenye mdomo wa Rais, kwa hiyo sasa hata yeye hawezi kusema. Watu walicheka. Kesho yake gari la jeep lilimfuata mpaka mlangoni, na kilichorudi ni mkanda wake na saa, vimefungwa kwenye gazeti. Hakuna aliyesema amekufa. Hakuna aliyesema yu hai. Albertine hakujua avae nguo za kilio au asivae.

"Germaine, ule wimbo utamukula mudogo yako," alisema, akipepeta unga kutoa fukusi. "Miye nilikuwaka na bwana. Angalia leo niko na nini."

"Haumutaji muntu mubaya. Unasema unga tu."

"Na wa kwangu alisema kikwembe tu."

Maneno hayo yalimchoma Germaine. Usiku alimwomba Léonard asitunge tena wimbo wa namna ile, na Léonard akamjibu dada yake ndiyo yaya, ndiyo, kwa namna ya mtu anayetaka aachwe alale.

Basi, kwenye majira yale ya mijakaranda kuchanua, akaja mgeni. Aliitwa sitwayen Mulongo, maana chama kilitaka kila mtu aitwe hivyo, raia, badala ya bwana. Abakosti safi, lile koti la watu wa chama lisilovaliwa na tai, miwani, sauti ya upole isiyopandishwa. Wakubwa wa chama wa pale kambini walimfungulia milango kwa mbio, wakavuta viti, ila yeye alikataa kiti akasimama na akina mama kwenye kivuli kidogo cha ukuta wa kantini. Alisema ametoka Kinshasa. Alisema alikuwa kwenye msafara uliokwenda China.

"Bamama," alisema, "nyimbo za animasio tunazijua. Mie ninatafuta zingine. Zile munaimba wakati hakuna mugeni. Kule China, zamani za zamani, wafalme walikuwa na bantu ba kukusanya nyimbo za raia, wapate kujua kama serikali inaenda vizuri. Ni akili nzuri. Na shiye tunataka kufanya vile."

Germaine alisogea mbele. Aliyasikia maneno ya Mupe Gérard, yaleyale, yakitoka kwenye kinywa cha mtu wa chama! Alimtazama Albertine kwa furaha isiyofichika. Albertine alikuwa ameangalia chini. Wanawake wengine nao walikuwa wanaangaliana kwa pembe ya jicho, kila mmoja akisubiri mwingine apumue kwanza. Lakini Germaine, ee, moyo ulikuwa umeshampanda.

"Nyimbo ziko, papa," alisema. "Utazisikia."

"Nitarudi siku ya Mungu, kiisha misa," akasema Mulongo, akamshukuru kwa kumshika mkono kwa mikono miwili.

Germaine alikwenda mbio misheni. Mzee alikuwa mgonjwa, amefunikwa blanketi mchana wa joto lile, ila alimkaribisha kwa furaha. Germaine alimweleza yote bila kupumzika: mgeni, China, wafalme, nyimbo. Kadiri alivyoeleza ndivyo uso wa mzee ulivyobadilika, na alipomaliza, Mupe alikuwa anavuta-vuta uzi wa blanketi.

"Germaine, kuna mufalme mwingine sikukuambiaka," alisema mwishoni. "Na yeye alikuwa China, zamani ile. Alichoka kusikia bantu banamulalamikia. Akamuita mulozi moja, akamutuma mu bantu, akasikilize. Kila muntu mwenye mulozi alimuonyesha kwa kidole, mufalme alimuua. Kiisha bantu balikutana mu njia, balisalimiana na macho tu. Mufalme akafurahi. Akasema, unaona? Nimebamalizia malalamiko."

"Kiisha?"

"Kiisha miaka bakamufukuza. Lakini benye kuuawa hawakurudi."

Germaine alisogea karibu naye. Aliuliza swali ambalo ungeuliza wewe pia. "Sasa, Mupe, ule mwenye kukusanya na ule mulozi, bote banakuya kusikiliza. Nitabatofautisha namna gani?"

Mzee alimtazama kwa huruma. "Mara mingi inajulikana nyuma," akasema. "Kwa kuangalia kile kinamupata muimbaji."

Njia nzima ya kurudi Germaine alijilaumu, akamlaumu na mzee. Kwa nini alimpa nusu ya hadithi? Kwa nini hakumpa zote siku moja, tamu na chungu? Moshi wa bomba kubwa la kiwanda ulikuwa umelala juu ya paa za nyumba, unakera koo, na kila gari lililopita nyuma yake lilimfanya ageuke.

Kuna kitu hapa lazima kieleweke, maana ndicho kilichowaponza. Kwa watu wa kambi ile, wimbo bila jina la aliyeutunga ni wimbo wa wizi. Mwishoni mwimbishaji huuliza, "Mwenyewe nani?" na waitikiaji hulitaja jina, wote, kwa sauti. Ndiyo heshima ya mtunzi. Hana malipo mengine. Wimbo wa unga ulimalizika hivyo: Germaine anauliza, wanawake wanajibu, "Léonard wa Kilwa!" Jina la Mwape halikukaa vizuri kwenye ule mwendo, kwa hiyo walitumia lile lililokatazwa. Fikiria wewe! Wimbo wa njaa, na mwishoni jina lililofutwa na serikali.

Jumamosi alizunguka nyumba kwa nyumba. Aliwaambia kwamba mgeni ataimbiwa nyimbo za harusi na za kubembeleza watoto, basi. Akiulazimisha ule wa unga, wataitika, lakini mwishoni watasema "Mwaba wa Kilwa." Mimi ni mwanamke, alisema, na ni mwimbishaji wao wenyewe, hawataniua. Wanawake walikubali. Aliyekubali kwa nguvu zaidi, aliyewarudisha hata wale waliotaka kucheka, alikuwa Albertine. Aliwafanyisha mazoezi jikoni kwake: Mwaba wa Kilwa, Mwaba wa Kilwa.

Siku ya Mungu Mulongo alikuja na mashine ya kunasa sauti, akaiweka juu ya kreti ya bia. Alisikiliza wimbo wa harusi, akatikisa kichwa kwa furaha. Alisikiliza wa kubembeleza mtoto. Alipiga makofi. Kisha akafuta miwani yake.

"Na ule wa unga?"

Alikuwa anaujua tayari, mtu yule. Alikuja na wimbo kichwani; alichokosa ni kitu kimoja tu.

"Hapana kuogopa, bamama. Mufalme hawezi kupona ugonjwa asiojua."

Germaine akaanza. Aliuimba taratibu, bila kuupamba, akitumaini uchoshe. Lakini wimbo ule ulikuwa na roho yake. Ubeti wa pili ulipofika, wanawake walishasahau mashine, mabega yanakwenda, macho yamefumbwa, na njaa ya miezi yote ile ilikuwa inatoka vifuani mwao. Germaine aliona hatari. Akatamani asifike mwisho. Akafika.

"Mwenyewe nani?"

"Mwaba wa Kilwa!" waliitika. Na juu ya sauti zote, wazi, tamu, ya mtu aliyezama kwenye wimbo mpaka shingoni, ikapanda sauti ya Albertine: "Léonard wa Kilwa!"

Albertine aliziba mdomo kwa mikono yote miwili. Macho yalimtoka. Mkanda wa mashine uliendelea kuzunguka, unanasa pumzi zao.

Mulongo aliizima bila haraka. "Wimbo muzuri sana," alisema. "Una mambo ya tanuri ambayo mama hawezi kujua. Ule Léonard, aje kwangu kesho, ku ofisi karibu na posta. Aniimbie yeye mwenyewe." Alimtazama Germaine tu wakati anasema, ingawa hakuna aliyemwambia kwamba Léonard ni wa kwake.

Nyumbani Germaine alifunga mlango na dirisha. Alimwambia Léonard aondoke saa ileile. Mpakani Kasumbalesa hapana, kule wanakagua karatasi za kila mtu. Apande lori la wafanyabiashara wa samaki, apite Kasomeno, ashuke mpaka Kilwa kwa mjomba wao, na mjomba atamvusha ziwa kwa mtumbwi mpaka Zambia. Alishamfungia blanketi na dagaa kwenye kitambaa. Léonard alikuwa amekaa kitandani, anamsikiliza, hata mkono hakuunyoosha.

"Nikimbie juu ya nini, yaya? Nilifanya mubaya gani?"

"Faustin alifanyaka mubaya gani?"

"Faustin alicheka Rais. Mie nilisema unga hautoshi. Unatosha?" Alimtazama dada yake usoni. "Weye njo ulinielezaka. Mufalme mu nyumba yake hajui. Bakubwa banamudanganya. Muntu lazima amuambie. Sasa bamekuja kuuliza, shiye tukimbie? Kiisha tutamulaumu nani?"

"Ile ilikuwa China, Léonard! Ilikuwa hadithi ya muzee na chai yake! Kuna na ingine, sikiliza..." Akamweleza ya mlozi, haraka, maneno yanagongana. Alipiga magoti. Ndiyo, dada mkubwa alimpigia mdogo wake magoti, jambo ambalo kwao ni aibu, na machozi yalikuwa yanamdondoka kwenye sakafu.

Léonard alimwinua. Alikuwa amepauka, na usidhani hakuogopa. "Nikikimbia, batakukamata weye," alisema. "Jina ulisema ni ya kwako. Nikienda, labda ule mugeni ni yule muzuri, wa kukusanya."

Asubuhi Germaine alimpigia pasi shati jeupe. Alilipiga mara mbili, akitafuta mikunjo isiyokuwepo, kwa sababu shati likiisha ataondoka. Léonard alilivaa likiwa bado na moto wa makaa, akamwambia asimngojee kwa chakula cha mchana. Akapita mbele ya nyumba ya Albertine, ambaye hakutoka.

Hakurudi mchana. Hakurudi jioni. Siku iliyofuata Germaine alisimama robine mpaka giza, anaangalia barabara, na hakuna aliyemsukuma kwenye foleni. Alipoona hawezi tena kulala wala kula, alijifunga kikwembe cha animasio, kile chenye picha, akaenda kwenye ofisi karibu na posta.

Mezani alikuwepo mwanamume anakula karanga.

"Ninamutafuta ndugu yangu, papa. Alikuya hapa kuimba. Léonard."

"Nani?"

"Léonard. Léonard wa Kilwa."

Mtu yule alitafuna karanga zake mpaka zikaisha mdomoni. "Mama, mu Zaïre hakuna muntu wa jina ile."

Germaine alishika ukingo wa meza. Ni woga uliompotosha ulimi, jina la jikoni likatoka mahali pa lile la barabarani. "Mwape," akasema mbio. "Samahani, papa. Jina yake ni Mwape."

"Ba Mwape beko bengi."

Mlango wa ndani ukafunguka, akatoka Mulongo, akamvutia kiti kwa heshima zote. Alisema ndugu yake ni fundi kweli. Alisema wamemtuma Kinshasa, atafundishwa kutunga nyimbo za faida. Germaine aliuliza alipanda ndege ipi, Mulongo hakusikia. Aliuliza mbona ameondoka na shati moja tu, hata mswaki hakubeba. Mulongo alisema kule atapewa.

"Ataandika lini?"

"Sikiliza, Mama Mwaba." Alivuta kiti chake karibu. Harufu yake ilikuwa ya sabuni nzuri. "Wimbo moja haitoshi. Nani tena anatungaka kule kambi? Ule mama mwenye sauti ya juu, Albertine, iko na zake? Uniletee zingine, na mie nitauliza habari ya ndugu yako. Tutasaidiana."

Alikuwa amelijua hata jina la Albertine. Germaine aliiangalia ile mikono safi, iliyotulia kwenye magoti ya suruali, na hapo akajua, bila mtu kumwambia, kwamba Léonard wake hatamwona tena. Alitaka kupiga yowe. Yowe lilifika kooni, akalishusha, kwa sababu mtu yule alikuwa anasikiliza.

"Kwetu nyimbo zilikwishaka, papa," alisema.

"Fikiri," Mulongo akamwambia kwa upole, akimsindikiza mlangoni. "Nitakuwa ninapita, mie ao mwenzangu. Hautatujua. Tutakuwa tunasikiliza tu."

Alitembea mpaka kambini, jua linawaka. Alipokaribia robine aliwasikia kabla hajawaona. Wanawake walikuwa wameanza wimbo wa unga. Walikuwa wanauimba kwa ajili yake, kumpokea, kumpa pole, maana hawakuwa na kitu kingine cha kumpa. Albertine ndiye aliyekuwa anaimbisha, uso umelowa machozi, na walikuwa wameshafika mahali pa kuuliza.

"Mwenyewe nani?"

"Nyamazeni!"

Wengine walidhani amechanganyikiwa kwa uchungu. Albertine alimwendea kumkumbatia, mdomo bado uko kwenye wimbo, na Germaine akamsukuma kifuani kwa nguvu mpaka akayumba. Akapiga kelele kwa sauti ileile ambayo kambi nzima iliijua, sauti iliyofika mpaka nyumba za mwisho.

"Nimesema munyamaze! Hapa hakuna wimbo! Hakuna mwenyewe! Mukiimba tena nitabashitaki mie mwenyewe, munanisikia?"

Walinyamaza. Nyuma kabisa mtoto mmoja wa kike aliendelea kidogo, hakuelewa, *moto ninaulisha kila siku*, na mama yake akamfunika mdomo na kiganja. Germaine akachukua ndoo ya Albertine iliyokuwa imeanguka, akaiweka chini ya bomba, akasimama akingoja ijae.